Panya Aliyejipaka Ulimbo

Msibishe, nilikuwepo. Panya, aliyechoka kufukuzwa na Paka kila akitaka kula jikoni, alimwendea Mjusi wa ukutani.

"Binamu, nigawie gundi ya miguu yako."

"Sina gundi. Nyayoni nina vinywele maelfu, vidogo visivyoonekana. Vinashika, na nikitaka vinaachia."

"Mchoyo we!" Panya akajipaka ulimbo wa kunasia ndege, akapanda ukuta hatua tatu, akaganda. Paka akatokea, analamba midomo.

"Binamu, naliwa!"

Mjusi akamkimbilia, akambandua kidole kimoja kimoja, kuanzia nchani. Paka akaruka. Panya akaangukia pembeni, na Paka akanasa pale pale kwenye ulimbo.

"Umeona? Kushika hata Paka anaweza," Mjusi akacheka. "Kazi ni kuachia."

"Mjusi mwanangu," Paka akabembeleza, "nami nibandue."

"Nitakubandua, bwana mkubwa. Subiri Panya amalize kula."