Kuufundisha Mkono

Tangu apooze upande wa kulia, Mkejina alikuwa akila kwa mkono wa kushoto, na wageni wakija hakula kabisa. Tabibu wa mazoezi alimweleza mumewe, Hemedi, kwamba ubongo unaweza kujifunza upya kuuongoza mkono uliolala, ila ule mzima usiachwe ufanye kazi zote.

Asubuhi hiyo Hemedi aliufunga mkono wa kushoto wa mkewe kwa kipande cha kanga, akamwekea bakuli la uji.

"Nifungue, Baba Rehani. Nina njaa."

"Tabibu amekataza."

"Tabibu haishi humu ndani."

Mkono wa kulia ulijikokota juu ya meza, ukagusa kijiko, ukakiangusha. Mara ya pili ukalipindua bakuli, na uji ukamwagikia gauni lake. Hemedi aligeukia dirishani, kwa sababu angemtazama angemfungua.

"Unafurahi kuniona hivi," Mkejina alisema nyuma yake.

Maneno yalimchoma. Alichukua kitambaa, akapiga magoti mbele ya kiti na kuanza kumfuta, bila kumwangalia usoni. Alisikia pumzi za mkewe zikienda mbio. Alipoinua kichwa aliona ule mkono wa kulia umenyanyuka kutoka mezani, wenyewe, ukitetemeka, vidole vikifunguka kidogo kidogo. Ulikuwa unamjia usoni.

Hakujua kama ulikuja kumshika shavu au kumpiga. Alifumba macho, akaungoja.