Mkanda Ulioandikwa FUTA

Kidole cha fundi mitambo kilikuwa juu ya kitufe, na mama wa watu hakuwa na haraka hata kidogo.

Upande wa pili wa kioo, Mkurugenzi alikuwa hewani, akisimulia kuzaliwa kwa kituo chao cha televisheni kwa unyenyekevu wa jogoo. "Siku ya kwanza, habari nilisoma mimi. Wenzangu walitetemeka."

Asubuhi alikuwa amemwambia fundi, "Mama, leo jifiche huko nyuma. Historia haivai ovaroli." Fundi alimeza maneno hayo kama dawa ya minyoo.

Enzi zile mikanda ilikuwa haba. Kila uliotumika uliandikwa FUTA, kisha ukarekodiwa mpira juu yake. Mmoja tu haukufutwa: ulilala miaka thelathini chini ya soksi za fundi, na sasa ulikuwa ndani ya mashine.

Humo, msichana mwenye ovaroli anasoma habari bila kupepesa macho. Chini ya meza yake, viatu vyeupe vya kijana aliyejificha hapo, yule aliyekuja kuwa Mkurugenzi, vinatetemeka.

"Bahati mbaya," Mkurugenzi alisema kwa huzuni kuu, "siku ile haina picha."

"Ipo, mwanangu," alijibu fundi, akabonyeza.