Mafuta Yatoke Kwanza

“Sugua mpaka mafuta yatoke yote,” mama alisema, kichwa kimeinama juu ya beseni. “Yakibaki, rangi haishiki.”

Nilisugua. Nywele zake nyeupe zilinukia nazi na kuteleza vidoleni. Mtaani kwetu mjane hapaki nywele rangi, na tangu baba afe mama huvaa sari nyeupe tu.

“Majirani watasemaje, mama?”

“Una miaka hamsini, bado unaogopa majirani?”

Nikaendelea kusugua.

Hodi ikapigwa. Nilichungulia nikamwona Vasant, mpiga pasi wetu, mgane. Alikuwa ameshika sari moja iliyonyooshwa vizuri, nyekundu kama ya bibi harusi.

“Mwambie asubiri,” mama alisema. “Nawe mwagia tena. Kisogoni bado panateleza.”

Nikabaki na kopo la maji mkononi.