Uzi wa Kofia

Raiya alikuwa katika mwezi wa tatu wa eda, amechoka hata na kuchoka kwenyewe, na kwa sababu ya eda hiyo fundi alibaki nje ya pazia akimwelekeza.

"Kompyuta inazimika kwa joto, mama. Tafuta waya wa feni uliolegea."

Akauona. Marehemu mumewe alikuwa ameufunga kwa uzi mweupe wa kushonea kofia, uleule alioutafuta Raiya nyumba nzima mwaka jana, naye akiapa hajauona.

"Umefungwa kwa uzi," alisema.

"Ukate, uutupe. Kisha uchomeke waya vizuri."

Alilifungua fundo kwa kucha, polepole. Akachomeka waya, akawasha. Feni ikazunguka.

"Ule uzi umeutupa?"

"Nimeutupa," alijibu Raiya, akiuzungusha kidoleni.