Komeo la Profesa Mwanaheri

Siku hizi kila mlango mjini hujifungua wenyewe mkaguzi wa serikali anapoukaribia. Jana mkaguzi alimkuta mume wangu anaoga, akaendelea kukagua bila haya. Mimi, profesa niliyefundisha usalama wa kompyuta mpaka nikaota mvi, nikaenda kwa seremala kununua komeo la mti.

Leo mkaguzi amerudi, na mlango umegoma.

“Profesa, mfumo wako umeharibika?”

“Mzima kabisa. Piga hodi.”

“Hodi ndiyo nini?”

Maskini, hajawahi kuomba kuingia popote.

“Ndiyo somo langu la kwanza, mwanangu. Anayetaka kuingia huomba, mwenye nyumba hujibu.”

“Hodi,” akasema, bega lake tayari linausukuma mlango.

Nikaliegemea komeo.

“Sijasema karibu.”