Mkono wa Kutunza

Bi Somoe alifika kwenye ule ubeti ambao kila harusi uliwainua akina mama vitini, wakaja jukwaani wakicheza kumtunza, noti zikipepea mikononi. Safari hii hakuinuka mtu. Akaurudia. Wote walikuwa wameinamia simu zao. Sauti yangu imekwisha, alijiambia.

Mpiga fidla akamnong'oneza, "Dada, simu yako haitulii. Wanakutunza huko."

Hapo mama mmoja mwenye dera la zambarau akanyanyuka. Ni mazoea tu yaliyomtoa kitini. Akaja taratibu, mabega yakifuata ngoma, mkono ameuinua juu. Alipofika jukwaani akautazama ule mkono. Mtupu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Jamani! Kumbe nishatuma kwa simu, mwenzangu," akasema, akageuka arudi.

Bi Somoe akamwahi. "Usirudi nao. Nipe hivyo hivyo."

Yule mama akamwekea kiganja juu ya kiganja, kina joto, kinanukia udi. Bi Somoe akaufumba mkono wake, akauanza tena ule ubeti, na hakuufumbua hata wimbo ulipokwisha.