Marehemu Aliyedai Ukuta wa Mbele

Mkuu wa chuo alikuwa ndiyo kwanza amesema kwamba wa mwisho aliyekuwa amebaki hai katika darasa la wachoraji la mwaka sitini na mbili, Cornelius Hazzard, ametutoka. Wageni waliokuja kwenye ufunguzi wa maonyesho yake wakainamisha vichwa. Ndipo mzee mmoja, aliyesimama nyuma kando ya meza ya kuku wa kukaanga, akasema kwa sauti ya chini:

"Lakini mimi sijafa."

Aliyesikia ni Dakta Lavinia Crutchfield peke yake, mkurugenzi wa jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Galphin. Alimshika mzee mkono, akitabasamu kama mtu anayemwonyesha babu choo kilipo, akamwingiza kwenye stoo ya fremu na kufunga mlango.

Akamtazama vizuri. Picha pekee ya Hazzard aliyokuwa nayo ni ya kijana wa miaka ishirini, ile iliyochapwa kwenye bango la mlangoni. Miaka sitini inaweza kuufanya uso wa mtu chochote. Habari za kifo zilimfikia kwa simu, na mazishini hakwenda, ratiba ilibana. Hakuna yeyote wa chuoni aliyekwenda.

"Mzee wangu, kwa nini hukutuambia?"

"Hamkuuliza."

"Ile picha kubwa ya wanawake wanaobatizwa mtoni. Yule mwenye kitambaa cha njano ni nani?"

"Shangazi Mozelle. Nilikuwepo akichorwa. Alilalamikia baridi ya maji mpaka jioni. Na ukiangalia, wote mikono yao imezama majini. Hazzard mikono ilimshinda. Hata kidole kimoja hakukiweza, maisha yake yote."

 Lavinia aliwahi kusoma kwamba wasanii wakubwa hujisema kana kwamba wanamsema jirani. Akaacha kumpima, akaanza kumsihi.

"Mzee Hazzard, nakuomba. Wafadhili wametoa fedha kwa sababu umekufa."

Mzee alimkazia macho kama anayengoja mzaha uishe. Alipoona hauishi, akavuta sanduku la mbao, akaketi.

"Kwani ningekuwa hai wasingetoa?"

"Ukiwa hai ni mzee mwenye picha zake. Umekufa, ni urithi wa taifa letu. Mkuu amelia pale mbele, umemwona mwenyewe. Naomba tu uendelee kuwa marehemu mpaka maonyesho yafungwe."

"Halafu?"

"Halafu tutaona namna."

Nje, makofi yalilia. Mtu alikuwa anasifu upweke wa Hazzard, na jinsi chuo kilivyosimama naye siku zote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Ila nataka ukuta wa mbele, ule unaokutana nao ukiingia. Umpe Rufus Tolliver."

"Ndiye nani huyo?"

"Amesoma hapa hapa. Anachora mikono. Ya kinyozi, ya msusi, ya mama yake akimenya pichi. Amewaletea kazi zake tangu ana nywele nyeusi. Kila mkurugenzi alimwambia haziendani na mwelekeo wa jumba. Wewe pia ulimwambia, kupitia katibu wako."

Lavinia hakukumbuka. "Yu hai?"

"Kwa shida."

"Basi hilo ndilo tatizo lenyewe, mzee wangu. Halafu pale pana picha za alizeti alizochora mke wa mkuu."

"Nimeziona, na nimezionea huruma." Mzee akaanza kuinuka. "Ngoja nikamsalimie mkuu. Asije akalia bure."

Lavinia akauwahi mlango, akauegemea kwa mgongo.

Wiki iliyofuata alizeti zilihamishiwa ukumbi wa chakula, ambako, kwa maelezo ya Lavinia, wanafunzi walizihitaji zaidi. Picha za Tolliver zililetwa na binti yake. Watu walisimama mbele ya picha hizo, na bibi mmoja akanyoosha vidole vyake mwenyewe kuvilinganisha na vile vya ukutani. Lavinia alitoa hotuba, akasema jumba lilikuwa limemfuatilia Tolliver kwa muda mrefu, kwa makusudi, likingoja wakati wake. Mchoraji mwenyewe hakufika. Alituma salamu kwamba goti linamsumbua.

Jumapili, ibada ilipokwisha, mzee alizunguka nyuma ya kanisa dogo la kijiji alikozaliwa Hazzard. Alitembea bila kuchechemea. Alifika kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujatulia bado, kaburi la mwenzake wa darasa la sitini na mbili, ambaye jeneza lake yeye mwenyewe alisaidia kulibeba, akapangusa majani ya msonobari juu ya jiwe.

"Usinikasirikie, Cornelius," alisema Rufus Tolliver. "Nilikufufua nusu saa tu."